Walirudishwa Nyumbani

Jumatatu, 4 Septemba

Msimamizi wangu amenirudishia sura ya pili ya pendekezo la utafiti. Kurasa sitini na mbili, zimejaa wino mwekundu kama aproni ya muuza nyama. Juu ya ukurasa wa kwanza kaandika: "Umesoma, hujapitia." Basi! Maneno mawili kwa miezi saba ya kazi.

Nikamfuata ofisini. Hakuniambia niketi. Akasema mapitio ya machapisho si orodha ya vitu nilivyosoma. Ni ramani – nani kasema nini, nani kampinga nani, pengo liko wapi – na ajenda yangu ya utafiti isimame kwenye pengo hilo. Sawa, hapo sina ubishi. Halafu akaongeza huku anatabasamu: "Na acha kuandika kama mwalimu wa watoto. Andika kama msomi."

Mwalimu wa watoto! Miaka kumi na saba nafundisha watoto viziwi, vidole vinaniuma kila baridi ikija. Yeye anaandika juu yao karibu miaka thelathini na hajui hata "maji" kwa ishara.

Wanafunzi wa uzamivu wanamwita Profesa Saba. Ni kwa ile sentensi yake: wazazi saba kati ya kumi huwatoa watoto wao viziwi shuleni kwa sababu ya aibu. Iko kwenye kila kitabu, kila semina, kila bango. Na sasa kaagiza sura yangu ianze nayo. Jopo la kulipima pendekezo litanikalisha Alhamisi ya tarehe 12 Oktoba.

Nimerudi chumba cha watafiti, nimekaa mbele ya skrini nusu saa bila kugusa kitu. Jirani yangu wa meza, yule anayetafiti mboji, akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado, ila nina mtu ninayemfikiria.

Jumatano, 6 Septemba

Nimeanza upya. Kadi moja kwa kila makala, nimezibandika ukutani. Hadi sasa mia moja na nne. Thelathini na moja zina sentensi ya Saba. Hazitofautiani hata koma! "Inajulikana wazi kwamba..." "Tafiti zimethibitisha..." Tafiti gani? Nimefuata kila moja nyuma. Huyu kamnukuu yule, yule kamnukuu huyu, wote mwisho wao ni Saba. Mmoja kaongeza chumvi, kafanya nane kati ya kumi. Labda alikuwa na haraka.

Lakini niseme ukweli, hapa nipo peke yangu. Miaka yote hii sijawahi kuitilia shaka. Kwa nini? Kwa sababu naijua kwa sura. Kaka yangu ni kiziwi. Alikaa shule miaka miwili, akafika tisa, Mama akamtoa. Mwaka nilioanza mimi darasa la kwanza ndio mwaka aliobaki yeye nyumbani. Nilipita mlangoni na mkoba wake mgongoni kwangu. Alisimama pale ananitazama mpaka nikakata kona.

Mama hakuwahi kueleza neno. Chuo cha ualimu ndipo nilipoikuta sentensi ya Saba, nikiwa na miaka ishirini na mbili. Nikasema, kumbe! Nikarudi likizo, siku ya wageni, shangazi zangu wote wamekaa, nikamwambia Mama mbele yao: ulimwonea mwanao aibu. Aliinuka akaenda kuleta vikombe.

Ualimu wangu wote umeota kwenye hasira ile.

Jumamosi, 9 Septemba

Kwa Mama. Kaka alikuwa uani anachomelea geti la mtu, cheche zinaruka mpaka kwenye ndoo. Akaona kivuli changu, akazima mashine. Akaniuliza kwa mikono, mwalimu wako bado mkali? Nikamjibu, kuliko pilipili. Akamwigiza Saba, ambaye hajawahi kumwona: tumbo mbele, kalamu juu, pua juu zaidi. Nilicheka mpaka machozi.

Mama hakucheka. Akauliza kitabu kinakwisha lini. Nikamwambia si kitabu, ni tasnifu, na kusema kweli sijaianza, bado niko kwenye pendekezo.

"Miaka miwili bado unapendekeza?" akasema. "Hata posa haichukui muda huo."

Akataka kujua naandika nini hasa. Nikajibu kwa mkato: watoto viziwi waliotolewa shule. Akachukua shuka lililokwisha kunjwa, akalikunjua, akalikunja upya.

Nikasema moyoni, aibu hiyo, bado ipo. Sikumwonea huruma. Nimeondoka nimeaga kwa mgongo.

Jumanne, 12 Septemba

Leo nimeipata makala yenyewe ya Saba, ile ya kwanza, ya miaka ishirini na minane iliyopita. Mama wa sentensi zote! Nilidhani nitakuta mahojiano, takwimu, dodoso. Sikukuta. Kuna sentensi na mabano: Ripoti ya Wakaguzi wa Shule, ukurasa wa 47. Kwa hiyo hata yeye hakumwuliza mtu. Alisoma mahali.

Maktaba. Mkutubi – mzee mfupi, miwani imefungwa kwa uzi wa viatu – akasema ripoti hizo ziko chini, kwenye ghala la nyaraka, na hazitoki bila fomu yenye saini ya msimamizi au mkuu wa idara.

Nikampelekea Saba fomu. Akacheka. Akasema kisima kimechimbwa, mimi ninywe maji tu, nimetumwa kuchimba tena? Nikasema nataka kuona chanzo. Akaiweka fomu chini ya kikombe cha chai.

Alhamisi, 14 Septemba

Hajasaini. Kasahau. Jana kasahau, leo kasahau. Picha yake ya kwenye kongamano hakuisahau – kaitundika mlangoni kwake, fremu ya dhahabu!

Ijumaa, 15 Septemba

Katibu muhtasi wa idara kaniokoa. Nilikwenda kulalamika tu. Akanisikiliza huku anapiga mhuri barua, halafu akatoa fomu mpya, akaitia katikati ya karatasi ishirini anazosaini mkuu wa idara kila Ijumaa bila kusoma. Dakika kumi, saini hii hapa. Akanikonyeza: "Sijui chochote, mwalimu."

Kuna watu wanaendesha chuo hiki na majina yao hayapo kwenye mlango wowote.

Jumatatu, 18 Septemba

Naandika mbio, mwandiko utakuwa mbaya. Potelea mbali.

Ghala la nyaraka lina taa moja na harufu ya karatasi mbichi. Mkutubi akanishushia ripoti, jalada la kijani, nondo wameshakula pembe. Ukurasa wa 47. Jedwali la 9: Watoto viziwi walio nje ya shule. Jumla, 212. Chini yake safu: Hawakuwahi kuandikishwa. Walihama. Walifariki. Halafu: Walirudishwa nyumbani – 149.

Nikapiga hesabu kwenye kiganja. Saba kati ya kumi. Nikavunjika moyo, nikasema basi, Saba ana haki yake, nimepoteza wiki mbili kwa kiburi. Nikataka kufunga. Sijui kilichonifanya nifungue ukurasa wa 48. Mazoea tu ya kumaliza.

Naandika hapa neno kwa neno. "Walirudishwa nyumbani: watoto walioondolewa na uongozi wa shule kwa kukosekana mwalimu au nafasi. Wazazi wengi wa watoto hawa waliomba wapokelewe tena." Na mistari minne chini: "Wazazi waliotaja aibu: 11."

Kumi na mmoja! Kati ya mia mbili na kumi na wawili!

Nilipiga meza. Mkutubi akaja mbio akidhani rafu imeanguka. Nikamsukumia ripoti, asome. Akasoma kurasa zote mbili taratibu, akavua miwani. Akatoa kadi ya azima kwenye mfuko wa jalada, akaniwekea mbele. Kuna jina moja tu kabla ya langu. Saba. Kaichukua saa nne asubuhi, kairudisha saa tano kasorobo.

Dakika arobaini na tano! Ndizo alizowapa wazazi wote hao.

Walirudishwa. Neno halisemi na nani. Shule iliwarudisha. Yeye hakufungua ukurasa, akaamua ni wazazi. Na thelathini na mmoja wakamfuata kama kondoo, na mimi wa thelathini na mbili, na mkia wangu.

Mkutubi kanitolea fotokopi za kurasa zote mbili na ya kadi, kapiga mhuri wa maktaba kila moja. Mhuri mmoja kaurudia, anasema haukukolea.

Jumanne, 19 Septemba

Nilipaswa kufurahi. Mtafiti akipata kitu kama hiki anaruka. Mimi nimekwaruzana na mwenye duka, na dereva, na mlango wa friji.

Nani alimrudisha Kaka?

Jumapili, 24 Septemba

Siku tano nimeogopa swali moja. Leo nimekwenda. Nimebeba bahasha ya fotokopi kama askari mwenye hati ya kukamata – na wa kukamatwa ni mimi.

Mama alikuwa jikoni. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kile kigoda kifupi. Nikasema, Mama, Kaka alitokaje shule?

Akatazama bahasha, akanitazama mimi. "Leo unauliza?"

"Leo nauliza."

"Hakutoka. Alitolewa."

Akaendelea kukata vitunguu anasimulia, hakuinua uso. Mwalimu mkuu alimwita siku aliyokuwa anafua. Alikwenda na mikono ina povu. Mwalimu mkuu akamwambia mtoto ana adabu, hana tatizo, ila anakaa darasani kama kabati. Anawachelewesha wenzake. Hakuna mwalimu wake. Amchukue, akipatikana mwalimu wataitwa. Mama akauliza lini. Akajibiwa, karibuni.

Ilipoanza muhula wa mwaka uliofuata, Mama akapiga pasi sare, akampeleka. Wakasimama getini. Bado. Mwaka wa pili, tena. Bado. Mwaka wa tatu kaptula imefupika, akafumua pindo akaishusha. Mlinzi akatoka kusema mkuu yuko kikaoni. Wakasubiri mpaka watoto wa asubuhi wakaanza kutoka.

"Mwaka wa nne akakataa mwenyewe," Mama akasema. "Akajifungia chooni. Nikaigawa sare."

Mimi hizo asubuhi nilikuwa wapi? Ndani ya geti hilohilo! Darasani, naimba jedwali la kuzidisha.

Nikamwuliza – sauti ilinitoka kama ya mtoto – mbona hukuniambia? Siku ile mbele ya shangazi, nilipokutukana, mbona hukusema hata neno moja?

"Ulikuja na jibu, mwanangu. Umelitoa chuo, limeandikwa. Mwenye jibu haulizi." Akasogeza vitunguu kando. "Halafu na mimi nikafikiri, vitabu vinajua. Labda sikupiga kelele ya kutosha pale getini. Labda kweli niliona aibu, sikujijua."

Mungu wangu. Hicho ndicho nitakachomchukia kwacho mtu yule mpaka kufa. Ile ya kukosea hesabu, hata mimi hukosea. Lakini mama yangu amekaa miaka ishirini na mbili anajishuku ndani ya nyumba yake, kwa sababu mtu hakufungua ukurasa. Na aliyempelekea habari ni mimi. Mimi ndiye niliyemnukuu.

Kaka akaingia kuchota maji, akatuona nyuso zetu. Akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa mikono, yote, mwalimu mkuu, kabati, geti. Akaweka jagi chini. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Halafu akasema: nilidhani niliharibu kitu.

Nikamwuliza kitu gani.

Dirisha, akasema. Kulikuwa na dirisha limevunjika darasani. Sikumbuki kulivunja. Lakini nikafikiri, labda ni mimi.

Ana miaka arobaini na saba.

Siandiki zaidi leo.

Jumanne, 26 Septemba

Nimemwekea Saba fotokopi mezani. Akazitazama bila kuvaa miwani – maana yake hakuzisoma. Anazijua!

Sikuamini. Nikamwuliza, ulikuwa unajua? Akafunga mlango. Ndiyo, anajua. Miaka mingi iliyopita mkaguzi mmoja mstaafu alimwandikia barua kumweleza kosa. Alikusudia kusahihisha. Lakini wakati huo sentensi ilikuwa imeshaingia kwenye sera, kampeni zimeanza, mabango yamechapwa, wafadhili wameamini. Angefanya nini, abomoe kila kitu? Na kwani kampeni hazikusaidia? Watoto wangapi wamepelekwa shule kwa sababu wazazi wao walisoma bango?

Nikasema: "Na wangapi walifikishwa getini wakarudishwa, na bango linamtukana mama yao?"

Akapumua. Akageuka mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Weka tanbihi, akasema. Mstari mmoja, chini, maandishi madogo: takwimu hii imehojiwa. Umalize. Ukishavaa joho, andika utakavyo, hata mimi nitakusaidia. "Hasira si mbinu ya utafiti, mwalimu."

"Wala dakika arobaini na tano," nikamwambia.

Nimetoka. Nimesahau mwavuli wangu pale. Sirudi kuuchukua hata inyeshe mawe.

Jumatano, 27 Septemba

Baba watoto ananipoza kwa methali. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikamwambia aende akaubusu yeye, ofisi namba tatu, ghorofa ya pili. Akaosha vyombo kwa kelele. Baadaye akaomba aone hilo jedwali. Alisoma mara mbili. Akasema, pole sana. Halafu akasema, lakini Mama sasa anajua kuwa wewe unajua. Haitoshi?

Haitoshi!

Jumamosi, 30 Septemba

Siku tatu nimeandika kama mtu anayefukuzwa. Sehemu ya 2.4, kurasa sita: safari ya sentensi moja, kutoka ukurasa wa 47 mpaka kwenye mabango. Tarehe, majina, nani kamnukuu nani. Hakuna tusi hata moja. Nimefuta matusi yote jana, yalijaza ukurasa.

Na pengo! Miezi saba nimetafuta pengo, kumbe lilikuwa limekaa mbele yangu limekunja nne. Makala mia moja na nne kuhusu watoto viziwi walioacha shule, na hakuna hata moja iliyowauliza viziwi wenyewe. Hata moja! Ni kama kuandika habari za bahari kwa kuwahoji ngamia. Mmoja tu alikaribia – tasnifu ndogo ya umahiri, mwanamke mmoja, miaka kumi na mitano iliyopita. Aliwahoji akina mama tisa, wote wakataja geti la shule. Haijawahi kunukuliwa na mtu. Nimeisoma nimesimama.

Basi ajenda yangu ni hii. Nani alimwambia mtoto aondoke, na kwa maneno gani? Daftari la mahudhurio liliandika nini siku hiyo – kahama, mtoro, au mstari tu? Mzazi alirudi getini mara ngapi kabla ya kuchoka? Na yule mtoto, aliyeondolewa bila kuelezwa kwa lugha anayoielewa, alijipa sababu gani? Hilo la mwisho nimeliandika nikakaa nikaliangalia. Linatosha tasnifu peke yake.

Jirani wa mboji akaja kusoma ukuta wangu na kikombe mkononi. Akasoma mpaka chai ikapoa. Akasema ni kazi safi sana, na tafadhali nisimtaje popote. Akanikumbusha, kama mtu anayemkumbusha mgonjwa dawa: bila saini ya msimamizi hakuna jopo, na bila jopo mwaka huu ruhusa yangu ya masomo inakwisha Desemba, narudi darasani mikono mitupu.

Najua. Nani kamwuliza?

Jumatano, 4 Oktoba

Barua pepe ya Saba, mistari miwili. Sehemu ya 2.4 iondolewe na takwimu ya msingi irudi mwanzo wa sura. La sivyo hatasaini, na jopo litasogezwa hadi mwakani. "Wako katika elimu."

Wako katika elimu!

Nimekwenda kwa mkuu wa idara. Yuko safarini. Ofisi ya uzamivu wakasema mgogoro wa mwanafunzi na msimamizi una fomu yake. Fomu hiyo husainiwa na msimamizi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimeiondoa.

Kurasa sita, kitufe kimoja. Nimeirudisha sentensi yake mwanzo wa sura, nimeichapa kwa vidole hivihivi. Kasaini. Kanipiga bega: "Umekomaa." Nimefika nyumbani nimesugua bega kwa sabuni kama limeguswa na grisi.

Namchukia. Leo yeye ni wa pili, baada yangu.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimemwambia Mama nilichofanya. Nilitaka anifokee. Akasema, ungefanyaje, una watoto, una kazi. Afadhali angenipiga mwiko.

Kaka alikuwa anatusoma nyuso. Akauliza jopo ni lini, na kama watu wa nje wanaruhusiwa. Nikamwambia wanaruhusiwa, lakini hakuna mkalimani, nimeomba wakasema bajeti haina. Itakuwa saa mbili za watu wazima wakifungua na kufunga midomo. Utachoka bure.

Akasema: nitakuja. Nimekaa nje ya darasa miaka mingi. Acha nikae ndani mara moja, hata nisipoelewa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Saa tano na dakika kumi. Naandika koridoni, benchi la mbao, goti langu ndiyo meza. Wametutoa. Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Chumba kidogo, meza ndefu, jopo la watu watano. Saba pembeni kama bwana harusi. Nyuma viti vya wasikilizaji: jirani wa mboji, wanafunzi sita hivi, mkutubi – sikujua kama atakuja! – na Kaka, mstari wa mbele kabisa, shati la kijivu alilopiga pasi mwenyewe, kola imesimama kama bati.

Niliwasilisha dakika ishirini. Vizuri. Yaani vibaya – kila slaidi ilikuwa uongo uliopangwa vizuri. Mwenyekiti ni mama mwenye mvi, wa kitivo kingine, tangu mwanzo hajaandika chochote. Nilipomaliza akauliza swali moja tu. Akasoma sentensi yangu ya kwanza kwa sauti, akasema: "Hawa wazazi saba, nani aliwauliza?"

Saba akajibu kabla sijafungua mdomo. Hilo ni jambo linalojulikana, tuende kwenye mbinu. Mwenyekiti akasema hakumwuliza yeye.

Nikamtazama Kaka. Alikuwa ananitazama mdomo, anangoja.

Sijui niliamua saa ngapi. Mikono ilianza kabla ya ulimi. Nikajibu kwa sauti na kwa ishara kwa pamoja, kama ninavyofanya darasani: hakuna aliyewauliza. Walirudishwa na shule. Iko ukurasa wa 48. Nikaeleza jedwali, neno lile, kadi ya azima, barua ya mkaguzi. Nikatoa fotokopi kwenye begi, nikazigawa. Nilikuwa nimezibeba! Ijumaa nimefuta, leo nimebeba – sijui nilikuwa najidanganya siku ipi.

Kaka aliinua mkono mmoja tu, akaufunga ngumi kifuani. Sikuweza kumwangalia tena.

Saba akasimama. Alikuwa mtulivu. Akasema mtahiniwa amewasilisha pendekezo moja kwa maandishi na sasa anatetea jingine, kinyume cha taratibu zote, na jopo lisimamishe. Na ni kweli! Hapo hakudanganya. Mjumbe mmoja wa jopo, mwenye tai, akakubaliana naye. Mwenyekiti alikuwa anasoma fotokopi – zote, mbele na nyuma. Akasema jopo lijadili faragha. Wasikilizaji na mtahiniwa watoke.

Tukatoka. Viti vikaburutwa, watu wakanong'ona, mkutubi akanigusa kiwiko akapita. Nikafika hapa koridoni nikageuka kumtafuta Kaka.

Hayupo.

Mlango una kioo kirefu katikati. Naona kutoka hapa. Amekaa palepale, mstari wa mbele, mikono juu ya magoti. Chumba chote kimebaki jopo na Saba na yeye. Saba anaongea anamwonyesha mlango. Mwenye tai naye anamwonyesha mlango. Kaka anawatazama mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu anayefuatilia somo.

Anaelewa. Namjua. Anaelewa kabisa.

Mwenyekiti hajamwonyesha mlango. Kavua miwani, anamwangalia.

Katibu wa jopo katoka, kijana wa watu, jasho linamtoka. Dada, tafadhali, njoo umwambie yule mzee atoke, tunamwambia hasikii. Nikamwambia nimemsikia. Akarudi ndani.

Sasa Saba amemsogelea, ameinama, anaongea karibu na uso wake, polepole, anapanua mdomo kama anamlisha. Kaka ametikisa kichwa.

Katibu katoka tena. Anasema hawawezi kuendelea, wote wananingoja mimi. Ni neno moja tu la mikono, anasema, nisimame mlangoni nimwambie.

Nimemwambia asubiri, namalizia sentensi